UZI: "Mimi kibarua tu": unavyojiona kazini na yale unayomeza bila kusema

Karani_Kilindini (mwenye uzi)

Salaam wana jukwaa. Uzi huu ni wa wanaofanya kazi za zamu hapa mjini Mombasa: bandarini, kwenye yadi za makasha, hoteli za Nyali mpaka Shanzu, viwanda vya Changamwe, hospitali, maduka. Mada ni jinsi mtu anavyojiona, na vile kujiona huko kunavyoamua anachoripoti, anachouliza na anachokimeza.

Tuanze na kitu kinachoshikika. Namba ya kasha ina herufi nne na tarakimu saba. Herufi tatu za mwanzo ni za mwenye kasha, ya nne mara nyingi ni U. Tarakimu sita ndizo namba yenyewe, na ya saba, ile iliyozungushiwa kisanduku, ni ya uhakiki: hupatikana kwa kupiga hesabu ya zile kumi zilizotangulia. Ukikosea herufi au tarakimu moja, hesabu karibu kila mara itakataa. Sili ya mlangoni, kile kifungo cha chuma chenye namba kinachoonyesha kasha halijafunguliwa, haina mtego huo. Hapo pana jicho la mtu tu.

Sasa simamisha makarani wawili getini. Karatasi inasema sili inaishia 47, chuma chenyewe kinasoma 74. Karani wa kwanza anajihesabu mwandishi, kazi yake kunakili. Anaandika kama karatasi ilivyo, lori linapita. Wa pili anajihesabu kuwa ndiye mtu wa mwisho kuutazama mzigo kabla haujatoka. Anasimamisha lori, anapiga picha ya sili na mlango mzima, anaandika saa, anamwita supavaiza. Elimu ni moja, mshahara mmoja, fomu ile ile. Kilichotofautiana ni jibu la kila mmoja kwa swali la "mimi hapa ni nani?"

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu kwamba jambo fulani analiweza, akataja chemchemi zake nne: kufanya mwenyewe ukafaulu, kumwona wa hali yako akifaulu, kuambiwa na mtu unayemwamini kwamba unaweza, na jinsi unavyousoma mwili wako (moyo kwenda mbio, jasho la viganja). Iliyo na nguvu kuliko zote ni ya kwanza. Ndiyo maana semina za "jiamini, wewe ni simba" haziendi mbali: zinachota kwenye chemchemi ya tatu peke yake, na msemaji mwenyewe hata hujui ametoka wapi.

Ukitaka kujipima, tafuta kidaftari cha mfukoni. Ukitoka zamu, kabla ya kupanda matatu au feri, tumia dakika kumi kuandika mambo matatu: nilichoona, nilichosema, nilichomeza. Mbele ya kila ulichomeza andika maneno uliyojiambia wakati ule ule, si sababu uliyoitunga baadaye. Fanya hivyo zamu kumi na mbili, kisha uhesabu. Mara nyingi maneno huangukia mafungu manne, na kila fungu lina dawa yake:

"Si kazi yangu": mipaka ya kazi haijaelezwa, au imeelezwa ukaifanya ukuta. Muulize supavaiza swali moja tu: nikiona hitilafu nje ya eneo langu, nimwambie nani?

"Sina hakika": hili ni pengo la ujuzi, wala si unyonge wa nafsi. Jifunze kipimo kimoja. Karani anayejua kuhakiki tarakimu ya saba hasemi "nadhani".

"Watanicheka": hapa ndipo picha ya nafsi yenyewe ilipo. Anza na kauli ndogo, mbele ya mtu mmoja, juu ya jambo linaloonekana kwa macho.

"Nitafukuzwa": hili nawaachia nyinyi. Sidhani kidaftari kinalitibu.

---

Mzee_wa_Majengo

Shekhe, umeandika vizuri lakini umeliweka mwisho lililotakiwa kuwa mwanzo. Kibarua hanyamazi kwa sababu yuwajiona mdogo. Hunyamaza kwa sababu kesho asubuhi pale getini nyapara ndiye anyooshaye kidole: wewe ingia, wewe rudi nyumbani. Ukimsumbua leo, kesho kidole kinakuruka. Hiyo ni akili timamu, msiiite ugonjwa wa nafsi.

Mji huu wayajua haya zamani. Mgomo mkuu wa Januari 1947 uliusimamisha mji, na ndipo kikazaliwa chama cha wafanyakazi, African Workers Federation, Chege Kibachia akiwa kiongozi wake. Miaka ya 1950 bandari ikaanza kuuacha mtindo wa kuokota watu kwa siku, ikawasajili na kuwapa kazi ya kudumu. Mtu akishajua kwamba na mwezi ujao yupo hapa hapa, hata mdomo wake hufunguka. Kabla ya kumpa mtu daftari, mpeni kandarasi.

---

Sheria_kwa_Kiswahili

Naongeza kifungu kwa hoja ya mzee. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 37: kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake inafika mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika chini ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, na maslahi yanafuata. Mahali watu wanapoangukia ni ushahidi. Hawana karatasi. Kwa hiyo kile kidaftari cha mwenye uzi kiongezwe safu ya tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na jina la msimamizi wa zamu. Ujumbe wa M-Pesa wa malipo usifutwe.

Mtu anayejua anasimama wapi kisheria huongea kwa sauti nyingine. Hilo nalo ni kujiona.

---

Karani_Kilindini

Mzee, nakubali zaidi ya nusu. Hofu yenye msingi haitibiwi kwa kujipa moyo, na anayemwambia kibarua "jiamini" huku kidole cha nyapara kiko pale pale anamhadaa.

Lakini kuna njia ya kutenganisha mambo mawili. Mtazame mtu huyo huyo nje ya geti. Aliye bubu kwenye kikao cha zamu unamkuta ndiye mweka hazina wa chama, au mwenyekiti wa kamati ya harusi anayepanga magari, biriani na maturubai, na kumkatalia mpishi bei bila kupepesa macho. Basi kimya chake hakikutokana na tabia, kimetokana na mahali. Hapo tengeneza mahali. Akiwa bubu kote, kazini na mtaani, hapo ndipo zile ngazi ndogo za kujijenga zina kazi. Mabosi wengi hulichanganya hili: wanampeleka kwenye semina ya kujiamini mtu ambaye anajiamini sana, ila asiowaamini ni wao mabosi.

---

BiMwanakombo_Tudor

Kwa upande wa hoteli, wacha nishuke mpaka chumbani.

Mhudumu wa vyumba anaingia chumba namba fulani, anaona doa la rangi ya chai kwenye dari, ukubwa wa sahani, karibu na tundu la AC. Anatandika kitanda, anabadilisha taulo, anatoka. Hilo la fundi. Doa lile ni maji ya AC: hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, maji yanakusanyika kwenye trei ya ndani, na kipaipu cha kuyatoa kikiziba kwa ute na vumbi, trei inafurika juu ya jipsam ya dari. Siku ya kwanza ni kazi ya kuzibua kwa nusu saa. Likiachwa wiki mbili, jipsam inalainika, inaanguka, chumba kinafungwa, na mgeni ameshaandika mtandaoni.

Nani huliona doa hilo kwanza? Si meneja, si fundi. Ni yule anayeingia kila siku na kutazama juu akikung'uta shuka. Akijiita "wa kufagia", ameliona bila kuliona.

Watafiti Amy Wrzesniewski na Jane Dutton waliandika mwaka 2001 kuhusu wafanyakazi wa usafi hospitalini huko Marekani. Kazi moja, orodha moja ya majukumu. Wengine waliielezea kama kupiga deki tu. Wengine walijiona wamo ndani ya uponyaji wa mgonjwa, na matendo yao yakafuata: walipanga muda wa usafi kulingana na hali ya wodi, wakazungumza na wagonjwa na jamaa zao. Hakuna aliyewabadilishia cheo. Walijipanulia kazi wenyewe.

Kwa mameneja wa hoteli, dawa yake si hotuba. Kwenye karatasi ya vyumba ya kila siku, ongezeni safu moja nyembamba: "Nimeona". Dari, mferejini, mlango, harufu. Alama ya vema au neno moja inatosha. Na fundi akimaliza kazi, arudi kusaini pale pale kando ya alama ya yule mhudumu, ili mhudumu aone kwamba jicho lake limeleta fundi. Bila hiyo sahihi ya pili, safu inakufa ndani ya mwezi: watu wanaweka vema bila kutazama.

---

Fundi_wa_Baridi

Dada Mwanakombo uko sawa. Ila waambie wasisubiri doa. Sauti ya maji kugugumia ndani ya AC, au ukuta wa chini yake kuwa na jasho, hutangulia siku kadhaa. Na mhudumu asiandike "AC mbovu". Aandike "inadondosha maji upande wa kushoto, inapoa vizuri". Hapo fundi anakuja na vifaa vya kuzibua, haanzi kubeba mtungi wa gesi ngazi tatu bure.

---

Nyapara_Mtaratibu

Manyapara tumesemwa sana humu, wacha tuongee ya upande wetu.

Swali baya kuliko yote mwisho wa kikao cha asubuhi ni "kuna mwenye swali?" Jibu lake ni kimya, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Uliza hivi: "Leo ni kitu gani kinaweza kutuharibikia?" Kisha wa cheo cha chini aanze, wewe umalize. Ukianza wewe, watakurudishia maneno yako mwenyewe. Dakika tano zinatosha, mkiwa mmesimama, karibu na kazi yenyewe na si ofisini.

Mtu akisema, kuna mambo matatu. Mshukuru kwa lile alilolisema, sio kwa "ujasiri" wake. Liandike mbele yake. Umpe jibu kabla ya zamu inayofuata, hata kama jibu ni hapana, na hapana hiyo iwe na sababu. La tatu ndilo tunalolitupa. Sanduku la maoni lenye kufuli lililoshika kutu limenyamazisha watu wengi kuliko nyapara mkali.

Mtafiti Amy Edmondson alipochunguza makosa ya dawa hospitalini, utafiti uliochapishwa 1996, alikuta kitu kilichoonekana kichwa chini: timu zilizokuwa na uongozi mzuri na maelewano ziliandikisha makosa mengi zaidi. Si kwamba zilikosea zaidi, ila ziliyasema. Kwa hiyo supavaiza anayejisifu kwamba zamu yake haina ripoti hata moja mwezi mzima, mkague kwanza.

Na wanaotaka namna ya kusema bila kubabaika, kuna mtindo uliotoka kwenye nyambizi za jeshi la maji la Marekani ukaingia hospitalini: hali ilivyo, historia yake, unavyoipima, unachopendekeza. Mfano: "Waya wa krini namba mbili umekatika nyuzi. Uzi mmoja ulionekana umekatika zamu ya jana. Leo nimehesabu nne mahali pamoja. Naomba isinyanyue kitu mpaka mkaguzi auone." Sentensi nne. Aliyezoea mtindo huu hahitaji kuwa na moyo wa simba, maneno yenyewe yanambeba.

Jambo moja ambalo wenye uzi hawajaligusa ni saumu. Mfanyakazi anayeficha kwamba amefunga kwa kuogopa kuonekana dhaifu, akipanda mashine saa tisa alasiri ya Ramadhani, ni hatari kwake na kwa aliye chini ya mashine. Supavaiza asisubiri kuombwa. Kazi nzito iwekwe asubuhi, kazi ya macho na hesabu isiachiwe alasiri, na mapumziko ya maghribi yaandikwe kwenye ratiba kama yanavyoandikwa ya chakula cha mchana. Mtu akiona nafasi yake imo kwenye karatasi, hana haja ya kujificha.

---

Mwanachuo_Kisauni

Shukran wakubwa. Na wa atachi, wanafunzi walioko kwenye mafunzo ya kazi, je? Na pia kuna hili la "watu wa pwani ni wa polepole". Mtu akiingia ofisini na jina hilo limeshamtangulia, ajionaje?

---

Karani_Kilindini

Maswali mawili mazito, ndugu yangu.

La jina lililotangulia: wanasaikolojia Claude Steele na Joshua Aronson walichapisha mwaka 1995 kwamba mtu akikumbushwa dhana mbaya iliyo juu ya kundi lake kabla ya mtihani, anaweza kufanya vibaya kuliko uwezo wake. Tafiti za baadaye zimelipinga hilo, nyingine zimekuta athari ndogo au hazikuona kitu, kwa hiyo usilichukue kama sheria ya maumbile. Kinachoonekana kazini ni cha kawaida zaidi. Anayeogopa kuitwa mvivu hulemea upande mmoja kati ya mbili. Ama anakimbia, anaruka hatua za usalama ili aonekane mwepesi. Ama anakata tamaa, anacheza lile lile jina alilopewa. Yote mawili ni kufanya kazi ukiwa unamtazama anayekutazama. Tibu kwa kipimo: andika makasha kwa saa, vyumba kwa zamu, fomu kwa siku, zako na za wastani wa idara. Dhana haina namba, na wewe uwe nazo.

Na bosi anayempangia mtu kazi kwa kabila, dini, jinsia au lugha yake ajue kwamba kifungu cha 5 cha ile Sheria ya Ajira kinamkataza waziwazi.

Wa atachi: tatizo lake kubwa ni kujiona mgeni asiye na haki ya kuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini panga maswali. Wiki mbili za kwanza uliza ya "vipi" kwa mtu wa karibu, sio kwa bosi. Kuanzia ya tatu uliza ya "kwa nini". Kuanzia ya tano leta moja la "je, tukifanya hivi?" likiwa na hesabu ndani yake. Aliyeanza na la mwisho siku ya pili, hakuna aliyemsikiliza tena.

---

BiMwanakombo_Tudor

Niongeze la lugha, maana hapa ndipo Mombasa inapopoteza vichwa vyake. Kikao kinaendeshwa kwa Kiingereza kwa sababu ameketi mgeni mmoja kutoka makao makuu. Fundi wa miaka ishirini anayeijua boila kwa mlio wake anageuka mtoto wa chekechea: "yes sir", basi. Halafu ripoti inaandikwa na kijana ambaye boila ameiona kwenye picha.

Fomu za hitilafu ziwe za Kiswahili, zitafsiriwe baadaye na mwenye kalamu. Kikao kiwe cha Kiswahili, mgeni akae na mtu wa kumnong'oneza. Hata sheria, kifungu cha 41, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au afya, yataka aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na awe na mwenzake wa kazi au wa chama cha wafanyakazi pembeni. Ikiwa lugha yake inaheshimiwa siku ya kufukuzwa, kwa nini isiheshimiwe siku ya kushauri?

---

Mzee_wa_Majengo

Sasa na mie nigeuze shilingi upande wa pili, maana mwawaonea huruma wanyonge peke yao. Kuna yule ajionaye ndiye kampuni. Fundi mkongwe, kila mashine yajua jina lake. Hafundishi. Ukimuuliza valvu ile hufungwa vipi, anakwambia "wacha, nitakuja mwenyewe". Si choyo tupu: ujuzi ule ndio yeye. Akiutoa, abaki na nini? Siku akiumwa, zamu nzima yakaa kitako.

Huyo usimwambie "andika taratibu zako". Ataandika nusu, ile nusu ya muhimu ataiacha kichwani. Mpe kijana mmoja, mmoja tu, kwa miezi mitatu. Kijana ndiye aandike, mzee asahihishe kwa kalamu nyekundu. Karatasi ikikamilika, jina la mzee liwe juu, tarehe iwepo, ibandikwe pale pale kwenye mashine. Na pakitokea shida, mwulizeni kwanza yeye amteue wa kwenda. Mwampokonya funguo lakini mwamwachia kiti.

Likosekanalo ni hilo la kiti. Kampuni huchukua ujuzi, halafu yampeleka stoo kuhesabu boliti. Wengine wakiona, wafunga midomo kwa miaka kumi.

---

Fundi_wa_Baridi

Hapo mzee umepiga penyewe. Kalamu nyekundu, sio kompyuta. Mpe kompyuta uone kama hatakwambia macho hayaoni.

---

Mwanachuo_Kisauni

Swali la mwisho. Ukitoa wazo zuri halafu supavaiza akalipeleka juu kama lake?

---

Nyapara_Mtaratibu

Hutokea, na wanaosema "puuza, Mungu anaona" hawajasaidia. Wazo lisitolewe kwa mdomo kichochoroni. Litoe kwenye kikao, mbele ya wenzako wawili watatu, kisha usiku ule tuma kwenye kundi la WhatsApp la zamu ujumbe mfupi wa adabu: "Kama tulivyozungumza asubuhi, napendekeza njia ya kutokea iwe upande wa kaskazini, malori yasikutane. Nimechora, picha hii hapa." Tarehe na saa vimeshajiandika. Supavaiza mwerevu atalipeleka juu na jina lako likiwemo, kwa sababu kila mtu ameona.

Akiliiba hata hivyo, usimvae hadharani. Mfuate peke yake, mwambie: "Nimefurahi wazo limepita. Naomba niwemo kwenye kulitekeleza." Akikubali, umepata kazi ya kuonekana, na hiyo yashinda sifa. Akikataa, weka nakala, na linalofuata lipeleke kwenye kamati ya usalama kazini kama ipo hapo penu, kumbukumbu za vikao vyake huandikwa na majina.

---

Sheria_kwa_Kiswahili

Na ukiondoka kazini, kifungu cha 51: aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi ana haki ya cheti cha utumishi. Kinataja tarehe ya kuanza na kuacha, na aina ya kazi. Mwajiri halazimiki kukusifu. Kwa hiyo hakikisha "aina ya kazi" imeandikwa ile uliyokuwa ukiifanya kweli. Ukiandikiwa "kibarua" ilhali ulikuwa unahakiki sili na kusaini makasha, rudisha, uombe kirekebishwe kabla hujatia sahihi ya kukipokea.